Harusi ya Rose na Skrini Nyekundu

Habari kwamba ndoa ya Rose imewekewa pingamizi ilizunguka Nansio nzima, kisiwani Ukerewe, ikapanda meli, ikashuka Mwanza mjini, ikapita Mkuyuni kwa wauza vitenge na kufika Igoma kabla Rose mwenyewe hajaisikia. Aliyeileta kwa Odeta ni Maulida, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye habari hailali ndani yake hata akiwa na homa. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Odeta alikuwa uani, kanga ameipandisha magotini, anasugua viti vya plastiki vya kukodisha.

“Odeta, kaa chini,” alisema Maulida.

“Nikae wapi, viti vyote vina povu.”

“Basi simama vizuri. Wakwe wa Ukerewe hawaji.”

Odeta aliacha brashi ikaelea kwenye ndoo. Rose alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, amemlea tangu hajaota meno ya mbele, na harusi ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo. Ukumbi umeshachukuliwa, kwaya imeshashona, ng'ombe ameshachaguliwa na anatembea Igoma hajui lolote.

“Hawaji kwa nini?”

“Wanasema serikali imeifunga ndoa. Kwenye simu. Ukibonyeza ile linki yako inatokea nyekundu, imeandikwa hatari.”

Linki hiyo ilikuwa ya Igoma Shughulini, tovuti ya Odeta. Aliianzisha kwa ajili ya kutangaza viti na maturubai yake, lakini mtu mwenye mdomo kama wake asingeweza kuandika habari za viti peke yake. Akaanza kutaja shughuli ambayo viti vinakwenda, kisha nani anaoa, kisha nani anaolewa, sare ni rangi gani, ukumbi uko kona ipi, na baada ya shughuli anaweka picha. Watu wa Mwanza wakaizoea. Mtu akisikia tarumbeta mtaani, kabla hajachungulia dirishani alichungulia Igoma Shughulini. Kwa harusi ya Rose ndiyo kabisa, maana kundi la WhatsApp la familia lilijaa hongera na Amina mpaka tangazo la saa na ukumbi likazama humo, na wakwe wa Nansio wakaambiwa: achaneni na kundi, bonyezeni linki, kila kitu kiko huko.

Sasa tangu Jumapili Odeta hakuwa ameifungua, viti na vikao havikumpa nafasi. Alijifuta povu, akachukua simu ya Maulida, akabonyeza. Skrini ikawa nyekundu yote kama taa ya breki. Tovuti hatari, iliandikwa kwa herufi nyeupe, halafu maelezo ya wavamizi na ulaghai, na chini kabisa kitufe: Rudi kwenye usalama.

“Umeona?” alisema Maulida. “Mtu wa Nansio ameshatangaziwa ndoa kanisani Jumapili tatu, anasubiri tu kusikia kama kuna mwenye pingamizi. Anafungua simu, simu inamwambia hatari, rudi kwenye usalama. Wewe ungepanda meli?”

Odeta akamrudishia simu yake.

Simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa Shangazi Justa, dada wa baba yake Obedi, bwana harusi. Kwa upande ule hakuna lililoamuliwa bila yeye. Alikuwa karani wa shule mpaka alipostaafu, anajua kompyuta, anajua liturujia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusoma majina ya waliochelewa.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Odeta, sisi ni watu wa kanisani.”

“Najua, shangazi.”

“Mzee wetu wa kanisa amebonyeza linki yako. Akaona nyekundu. Akasema labda ni rangi ya sare, akalazimisha kuendelea. Akakuta mwanamke hana nguo za kutosha anazungusha gurudumu la kamari, na pembeni dawa ya wanaume. Akamwita mkewe aje athibitishe. Mkewe anataka kujua alianza kuangalia saa ngapi. Nyumba ile mpaka sasa haijala.”

Maulida, sikio limebanwa kwenye simu upande wa pili, aliuma kanga asicheke.

“Huku wanasema mengi,” aliendelea Justa. “Wengine wanasema Rose ana mtu wake mwingine amekwenda kushtaki. Mimi sisemi. Lakini kikao kimekaa. Tunataka maelezo tunayoyaelewa kabla ya meli ya Ijumaa. La sivyo Ijumaa meli italeta machungwa, haitaleta sisi.”

Alipokata, Odeta alikaa kwenye kiti chenye povu. Obedi angekuja hata kwa kuogelea, hilo halikuwa na shaka, kijana alikuwa amependa mpaka anatia huruma. Lakini bibi harusi anapokelewa na ukoo wa mume. Bila wao Rose angeingia ukumbini kama mtu aliyekosea mlango, na meza ya wakwe ingekaa tupu mbele ya Igoma nzima. Maneno ya mtu mwingine aliyeshtaki yangemfuata mpaka awe na wajukuu. Na linki iliyoyaleta ilikuwa ya mama yake mdogo.

“Mwite mdogo wako,” alimwambia Maulida.

Mdogo wake Maulida ni Khalidi, fundi wa kompyuta mwenye duka Mkuyuni. Alikuwa fundi mzuri, na wa kwanza kukwambia hivyo ni yeye. Alifika mchana amevaa miwani asiyoihitaji, na alifurahi kukuta sebule imejaa. Kamati ya harusi ilikuwa pale, mashangazi wa upande wa Odeta, wasichana wa kwaya, na MC Pius aliyekuja kujaribu spika na kusahau kuondoka. Odeta alikuwa hajui kuishi katika nyumba yenye nafasi. Khalidi akapewa meza, chai na mahamri, akafungua kompyuta yake kama padre anayefungua misale.

“Nani mwenye hii tovuti?”

“Mimi,” alisema Odeta. “Unanijua tangu unavaa kaptura.”

“Natakiwa kuuliza. Hapa kwenye kona kuna duara jekundu lenye namba. Umewahi kuliona?”

“Naliona kila siku.”

“Linakwambia nini?”

“Linaniambia niapdeti.”

“Na wewe unaliambia nini?”

“Baadaye.”

Sebule ikacheka, Odeta naye akacheka, ingawa kwa ndani hakupenda. Hakuwa mvivu wa kubonyeza. Kulikuwa na kisa. Siku moja alibonyeza Sasisha kama alivyoambiwa, na kumbe harusi moja ya Nyegezi ilikuwa hewani. Ukurasa ukajipanga upya wenyewe, na picha ya mama wa bibi harusi ikakatika kuanzia shingo kwenda juu. Likabaki gauni, limeshika pochi. Mama yule hakumsalimia Odeta mpaka Pasaka, na alipomsalimia alimwambia, “Mimi ndiye lile gauni.” Tangu hapo Odeta alilipita lile duara kama unavyompita jirani mliyenuniana: unajua yupo, lakini shingo haigeuki.

“Hukuweka nakala ya akiba kabla ya kubonyeza?” aliuliza Khalidi.

“Nakala ya nini?”

“Ya tovuti nzima. Unaihifadhi pembeni. Ukisasisha kikiharibika kitu, unarudisha ilivyokuwa, unaanza upya. Gauni lingepata kichwa chake siku ile ile.”

“Hukuniambia.”

“Hukuniuliza. Uliniuliza bei ya memori kadi.”

Akaendelea kubonyeza, mara akasimamisha kikombe nusu ya safari.

“Odeta. Hawa wasimamizi wote ni nani?”

“Kamati.”

“Kamati gani ina watu kama abiria wa meli?”

Hapo ndipo ilipobidi aeleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo Khalidi alivyozidi kuvua na kuvaa miwani yake. Ni hivi. Shughuli Mwanza haiendi bila kamati, na kamati haiendi bila vyeo. Mtu ukimwita kwenye kikao cha harusi ukamwacha bila cheo, umemtukana, na hatakuja tena hata kwenye msiba wako. Mwenyekiti ni mmoja, mweka hazina mmoja, wengine wafanyweje? Odeta akagundua kwamba tovuti yake ina cheo kinaitwa msimamizi, hakiishi na hakina gharama. Basi kila harusi aliyoitangaza aliwapa wanakamati usimamizi, na neno la siri la kila mmoja akamchagulia yeye mwenyewe, jina la mtu na jina la mtaa, wasipate tabu kulikumbuka.

“Luhende?” alisoma Khalidi.

“Alileta jenereta kwenye harusi ya kina Chenge.”

“Huyu ameandikwa Bibi Pilau.”

“Usimdharau, ile pilau watu wanaizungumzia mpaka leo.”

“Ngosha?”

Mashangazi waliinamisha vichwa.

“Marehemu,” alisema Odeta. “Nilishindwa kumtoa. Ningeanzaje?”

Khalidi aliweka kikombe chini. “Kila mmoja wa hawa anaweza kufanya chochote humu ndani kama wewe. Kuongeza, kufuta, kuleta kitu kutoka nje. Hata marehemu, maana neno lake la siri ni Ngosha Igoma, na hilo hata mbuzi wangu angelikisia. Huna tovuti, una stendi ya mabasi.”

“Mdudu ameingilia kwa nani?” aliuliza MC Pius, na sebule yote ikasogea mbele kwa mkupuo mmoja. Kwa watu hawa swali lilikuwa tamu kuliko mahamri. Nani?

Khalidi alipenda kimya cha namna ile. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. “Nimepata,” alisema. “Ni haya maua.”

Ukifungua ukurasa wa harusi ya Rose, maua madogo ya waridi yalikuwa yakidondoka taratibu kutoka juu ya skrini hadi chini, juu ya picha ya Rose na Obedi. Watu waliyapenda. Wasichana wa kwaya walikuwa wakifungua ukurasa ule kwa ajili ya maua tu.

“Yameletwa na nani?” Maulida alikuwa ameshasimama.

Kompyuta iliwatazama Odeta na Khalidi peke yao. Odeta aliinama kuangalia. Kwenye mstari wa maua, mbele ya neno aliyeongeza, palikuwa pameandikwa: Shangazi Justa Nansio.

Alikumbuka mara moja. Siku ya kupokea posa, Shangazi Justa alikuwa amekaa wima kwenye sofa, hacheki, hali, na Odeta, katika kutafuta namna ya kumlainisha, alisimama mbele ya watu akasema kuanzia leo shangazi ni msimamizi wa Igoma Shughulini. Justa alilainika. Wiki iliyofuata maua yakaanza kudondoka.

“Khalidi,” alisema Odeta, akiteremsha kifuniko cha kompyuta kwa kiganja, “njoo jikoni unionjee mchuzi.”

“Mchuzi upi, sisikii hata harufu.”

“Njoo.”

Jikoni, mlango umeegeshwa na mgongo wa Odeta umeuegemea, Khalidi alieleza kwa sauti ya chini iliyomuumiza, maana hakuizoea. Maua yenyewe hayakuwa na ubaya. Justa aliyachukua mahali pake panapoaminika, yakiwa masafi. Baadaye ndipo mafundi walioyatengeneza wakagundua wameacha tundu, mwizi anaweza kupenya. Wakaliziba, wakatoa toleo jipya, wakatangazia dunia nzima: sasisheni. Wezi nao wakasikia tangazo hilo hilo, na wao hawakusema baadaye. Waliachia roboti zao zipite tovuti hadi tovuti zikitafuta maua ambayo hayajasasishwa.

“Kwa hiyo ile namba kwenye duara...”

“Ndani yake kulikuwa na kiraka cha haya maua. Kimekaa pale wiki nyingi kinakusubiri.”

Odeta aliangalia sufuria. “Kwa hiyo ni mimi.”

“Ukipenda, ni wewe. Ukipenda, ni maua.” Khalidi alicheka. “Wale wa sebuleni wakisikia Justa, unafikiri watasubiri niwaeleze habari za viraka?”

Odeta alijua hawatasubiri. Alikijua kisa chote kitakavyokwenda, alikuwa anakisikia tayari kwa sauti yake mwenyewe: mwanamke aliyekaa kikao kumjadili binti wa watu, kumbe mdudu ametoka kwapani kwake. Kingefika Nansio kabla jua halijazama. Kingemsafisha Odeta, kingemsafisha Rose, na kila neno lililosemwa humo lingekuwa kweli. Tangu azaliwe hakuwahi kupewa umbea mzuri kama ule.

“Ukimtaja kwa mtu yeyote,” alimwambia Khalidi, “hata dada yako, hasa dada yako, picha zako za ile harusi ya Kirumba ninazo. Ukicheza muziki.”

“Zile ulisema ulizifuta.”

“Nilisema baadaye.”

Alhamisi nzima ilikuwa ya kufagia. Khalidi aliweka nakala ya akiba, akang'oa mwanamke wa gurudumu na dawa zake, akasasisha programu yenyewe, kisha moja moja vile vitu vya kuongezea, na baada ya kila kimoja Odeta alikagua picha zote kama zina vichwa. Maua nayo yakapata kiraka chao. Khalidi alitaka kuyatoa kabisa, kwamba tovuti ya kutangaza sare haina haja ya mvua. Odeta alikataa. Yakiondoka, alijua, kuna mtu mmoja Nansio angeuliza kwa nini.

Kilichobaki kilikuwa vyeo, na hilo halikuwa la kompyuta. Khalidi alisema wasimamizi wawili wanatosha, Odeta na mwingine wa dharura. Odeta aliita kikao.

“Yaani mimi nashushwa,” alisema MC Pius, mkono kifuani.

“Nani kakushusha? Msimamizi ndiye anayefagia na kukagua makomeo. Wewe umezaliwa kufagia? Kuanzia leo wewe ni Mwandishi. Ukiandika, kinatoka na jina lako chini yake.”

Pius aliliweka neno mdomoni akalionja. “Mwandishi. Kwenye kadi zangu naweza kuandika?”

“Andika.”

Ikawa hivyo. Bibi Pilau alipigiwa simu, akakubali kuwa Mchangiaji baada ya kuhakikishiwa kwamba haihusiani na michango. Luhende wa jenereta alisema hata hakujua ana cheo, lakini kwa kuwa kinaondolewa anataka kingine. Kila mmoja alijichagulia neno la siri lake, refu, bila kumwambia jirani. Jambo hilo liliwasumbua sana, wakakaa kila mtu na simu yake wamegeukia ukutani kama wanaoadhibiwa. Alipofikiwa Ngosha walisimama kidogo. Kisha Odeta akabonyeza mwenyewe.

“Sasa nyekundu inaondoka?” aliuliza.

“Nimeomba Google waje wakague,” alisema Khalidi. “Wakiridhika wanaiondoa. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa Jumatatu.”

“Jumatatu Rose yuko fungate.”

“Nimewaandikia ni harusi. Ile ni mashine, haijui ubwabwa wa harusi.”

Kwa hiyo jioni ya Alhamisi, Odeta alipompigia Shangazi Justa, nyekundu ilikuwa bado imewaka. Alikuwa na mdomo wake tu. Justa aliweka simu yake kwenye spika ili kikao kisikie, na sebuleni Igoma spika ya MC Pius ilikuwa imeunganishwa tayari, kwa hiyo nyumba mbili zilizojaa zikawa zinasikilizana pumzi kupitia juu ya ziwa. Rose alikaa mkekani, kichwa kimeegemea goti la mama yake mdogo.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Nimefungua sasa hivi. Bado nyekundu.”

“Bado, shangazi. Hiyo nyekundu si ya serikali, wala si ya kanisa. Ni ya walinzi wa mtandao. Wameona wezi wameingia kwenye nyumba, wakaweka utepe mlangoni watu wasipite mpaka ikaguliwe. Nyumba yenyewe ni tovuti yangu. Ndoa haimo. Rose hana mtu, hajashtakiwa na mtu. Utepe uko mlangoni kwangu.”

Kikao cha Nansio kilinong'ona. Mzee mmoja alisikika akisema, “Si nilisema,” na mwanamke mmoja akamjibu, “Wewe nyamaza, yako bado.”

“Wezi waliingiaje?” aliuliza Justa.

“Palikuwa na tundu.”

“Tundu limeletwa na nani?”

Sebule ya Igoma ikaacha kutafuna. Maulida alikuwa amemkodolea Odeta macho ya mtu aliyenyimwa chakula tangu jana. Khalidi alivua miwani.

“Odeta, naongea na wewe,” alisema Justa. “Mimi nimekuwa karani miaka yangu yote. Kitu hakijileti chenyewe. Kuna mtu amekileta, na kikao hiki kinataka jina. Tukipata jina tunajua ni mambo ya kawaida ya watu. Tusipopata, tutajua mnaficha kitu.”

Jina lilikuwa kwenye ulimi. Odeta alilihisi pale, dogo, lina uzito. Rose aliinua kichwa akamtazama.

“Jina ni Odeta,” alisema Odeta. “Tundu lilikuwepo, shangazi, kama vitu vyote vilivyo na matundu, hata vinavyotoka dukani. Mafundi waliligundua, wakanitumia kiraka. Wakanitumia bure, wakanipigia hodi kila siku. Mimi nikawa nasema baadaye. Niliogopa picha zisije zikakatika. Kila mtu aliyeleta kitu humo alileta kitu kizuri. Mwenye kutunza nyumba ni mimi, na sikutunza. Nimetengeneza sasa. Hiyo ndiyo habari yote, hata mkija kunihoji hapa hamtapata nyingine.”

Kwenye spika ya MC Pius ulisikika upepo wa Nansio, na kuku.

“Hiyo kubonyeza baadaye,” alisema mwanamke wa kikao, yule wa yako bado, “hata mimi simu yangu inaniambia hivyo kila asubuhi. Nayo ni hatari?”

“Bonyeza, mama,” aliingilia Khalidi, hakuweza kujizuia. “Uwe na bando na chaji, halafu ubonyeze.”

“Huyo nani?”

“Fundi,” alisema Odeta.

“Ana mke?”

Kicheko kilianzia Nansio, kikaja Igoma, na kwa muda haikujulikana nani anacheka upande gani. Odeta hakucheka mpaka aliposikia Justa anakohoa kikohozi cha mtu anayeficha tabasamu.

“Na mimi?” aliuliza Justa. “Bado msimamizi?”

“Hapana, shangazi. Tumebaki wawili, wa kufagia. Wewe nakuomba uwe Mhariri.”

“Mhariri ni juu au chini?”

“Msimamizi anafunga milango. Mhariri anasoma walichoandika wenzake, akiona hakifai anakikataa.”

Justa alifikiri. Ilikuwa wazi hata kwa mbali kwamba maisha yake yote alikuwa akiifanya kazi hiyo bila cheo. “Huyo MC wenu ameandika ‘wana harusi’ mara nne kwenye tangazo moja,” alisema. “Tutaanza na hilo. Mwambie Rose alale vizuri. Meli tunapanda.”

Nyekundu iliondoka Ijumaa, na hakuna aliyeiona ikiondoka, kwa sababu Igoma Shughulini nzima ilikuwa bandarini na ngoma. Wakwe walishuka na magunia ya machungwa, na mihogo, na yule mzee wa kanisa akitembea hatua tatu nyuma ya mkewe. Justa alishuka wa mwisho, akamshika Rose kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema amekonda, kosa la Mwanza.

Jioni nyumba ya Odeta ilikuwa haina pa kuweka mguu. Wanawake wa Nansio walikaa jikoni na wa Igoma wakimenya ndizi, na Maulida, ambaye siku mbili zilikuwa zimemmaliza, alimfuata Odeta kutoka sufuria hadi sufuria.

“Niambie mimi tu. Nimekuficha mangapi mimi?”

“Hujanificha hata moja, Maulida. Ndiyo maana nakupenda.”

“Ni Pius.”

“Si Pius.”

“Ni Luhende. Jenereta ile ilikuwa na macho ya wizi.”

“Geuza sato, wanaungua.”

Maulida akakata tamaa na Odeta, akageukia upande wa pili wa sinia la ndizi. “Shangazi Justa, tusaidie wewe. Wewe unamweza. Mwulize, yale maua yaliletwa na nani?”

Kisu cha Justa kilisimama kwenye ganda. Alimwangalia Maulida, kisha akamwangalia Odeta, aliyekuwa ameinamia samaki kwa bidii isiyo ya kawaida, masikio yamemwiva. Aliangalia kwa muda mrefu kidogo, kama karani anayejumlisha kitu kichwani.

“Maua?” alisema. “Alhamisi hakuna aliyetaja maua.”

Maulida aligundua ametoa siri ya sebuleni, akafunga mdomo.

Justa aliweka kisu chini. Alijifuta mikono kwenye kanga yake bila haraka, akasimama, akaenda mpaka kwenye jiko, akachukua mwiko kutoka mkononi mwa Odeta.

“Kakae,” alimwambia. “Umesimama tangu Jumatano.”

“Shangazi, wewe ni mgeni.”

“Mgeni wa nani? Kakae, mdogo wangu.” Akamgeuza sato mmoja, akaonja mchuzi kwa ncha ya mwiko, akaongeza chumvi bila kuomba ruhusa ya mtu.